Kikohozi cha Rajabu, Msimu wa Tumbaku

Jumatatu, 14 Julai

Bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, limewashwa tena. Nimerudi kutoka shule na kufunga majani kwenye vijiti mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Gundi ya tumbaku haitoki kwa sabuni. Darasani wasichana wa Koboko mjini hunusa hewa na kucheka. Mimi huficha mikono chini ya dawati.

Babu anachochea moto. Ni kazi yake kila msimu. Moto ukizidi, majani yanaungua. Ukipungua, yanaoza. Kwa hiyo mtu mmoja lazima akae mbele ya tanuri mchana na usiku hadi bani zima likauke. Anakaa kwenye kigoda chake na Rajabu mapajani, anamwimbia nyimbo za kijeshi za wakati alipokuwa askari. Kushoto, kulia. Rajabu, mdogo wangu, ana miezi sita. Mama yuko sokoni tangu asubuhi na karanga zake za kusaga. Akirudi, mtoto hageuzi hata kichwa. Kwake dunia ni Babu.

Rajabu amekohoa sana leo. Babu pia. Mimi pia. Msimu wa bani wote tunakohoa.

Jumapili, 20 Julai

Baba amepiga simu kutoka kambi ya jeshi huko Karamoja. Akasikia kikohozi nyuma ya maneno ya Mama. Akauliza ni nani. Mama akasema ni moshi. Baba akasema ndiyo, hata yeye alikohoa utotoni, moshi wa bani ndio uliomkuza.

Rajabu analala kwa Babu siku hizi, karibu na tanuri, kwa sababu mvua inanyesha na chumba chetu kina baridi. Asubuhi nilimchukua. Shingo ilikuwa na jasho lakini miguu baridi. Sijapenda.

Sijamwambia mtu. Nikisema kitu nyumbani, Babu hucheka: "Karani naandika ripoti." Ananiita Karani kwa kuwa siku zote nina kalamu. Kwa kawaida napenda jina hilo.

Jumapili, 27 Julai

Ijumaa Mama alimpeleka Rajabu kupimwa uzito. Umeshuka. Muuguzi alisema wampe uji mzito, na kikohozi kisipokwisha warudi. Mama alipita duka la dawa, akanunua dawa ya maji nyekundu, tamu. Rajabu anaipenda. Analamba kijiko. Kikohozi hakijali.

Nimemtazama akinyonya. Ananyonya kidogo, anaacha, anahema, anarudi. Kama mtu anayepanda kilima na mzigo.

Mama amechoka. Ana msimu wa tumbaku, ana soko, ana sisi. Nimefua nguo zote bila kuambiwa. Hakuona. Si kitu.

Jumapili, 3 Agosti

Leo palikuwa na kelele. Mama Sauda wa jirani alikuja kuomba chumvi, akamsikia Rajabu, akamshika kidevu na kumfungua mdomo kama anayepima mbuzi.

"Mama Salma, hii hapana moshi. Hii ni kimio. Ile nyama ndogo ya koo imekuwa refu, nagusa ulimi. Iko mama moja kule njia ya Oraba, nakata mara moja. Watoto yangu yote alikata. Angalia sasa nakula kama nzige."

Mama alimtazama Rajabu mdomoni. Nilijua anafikiria. Alikuwa tayari anatafuta shuka safi kwa macho.

Babu alisimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka hivyo. Alikuwa na Rajabu kifuani.

"Mutu ya wembe hapana ingia hapa."

"Mzee, mimi nasaidia tu."

"Saidia kwako. Wewe nataka kukata koo, kata ya bwana yako, yeye nasema mingi."

Mama Sauda alicheka mpaka akasahau chumvi. Mama hakucheka. Lakini hakubishana na baba mkwe wake. Huwa habishani naye. Alichukua jembe akaenda shambani.

Nampenda Babu sana leo. Nikifumba macho nauona wembe huo.

Jumamosi, 9 Agosti

Rajabu ana joto jioni. Asubuhi hana. Jioni tena analo.

Mtihani wa hesabu umekwenda vibaya. Sikusoma.

Jumamosi, 16 Agosti

Bani la mwisho limefunguliwa. Majani yametoka ya njano, mazuri, Babu ameyashika kama nguo za harusi. Tanuri limezimwa. Tumefagia majivu. Mama amefungua milango yote na upepo umepita ndani ya nyumba. Kila mtu alikuwa na furaha. Nyumba inanuka udongo tena.

"Sasa sisi napumzika," Babu alisema. "Kifua nalala."

Rajabu alikaa kwenye mkeka bila kucheza. Zamani akiona kuku alipiga kelele. Leo kuku walimpita karibu kabisa na aliwatazama tu.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna moshi tena. Mimi nimeacha kukohoa. Mama ameacha. Mama Sauda, ambaye naye ana bani, ameacha.

Wawili hawajaacha.

Nimeandika hilo na kulipigia mstari. Nilikwenda kwenye kitabu cha baiolojia, ukurasa wa mapafu. Nimesoma. Nimefunga. Nimefungua tena. Kitabu hakisemi kitu kuhusu babu wala ndugu. Kinasema tu hewa, na chumba kimoja, na muda mrefu.

Huenda nakosea. Nataka kukosea.

Jumamosi, 23 Agosti

Alfajiri Rajabu alishindwa kunyonya kabisa. Ngozi kati ya mbavu ilikuwa ikiingia ndani kila akivuta pumzi. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika. Mama alimfunga mgongoni, akamfungua, akamshika mbele ili amwone uso. Babu alikimbia kutafuta pikipiki. Alikimbia kweli, mzee yule, kisha akainama njiani kukohoa mkono ukiwa gotini, kisha akakimbia tena.

Kituo cha afya walimpa hewa ya bomba na kusema aende Arua, hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lilikuwepo, alhamdulillahi. Shule zimefungwa, kwa hiyo Mama alisema niende naye kushika mizigo. Babu alitaka kupanda. Dereva alisema mtu mmoja zaidi haiwezekani. Babu alishika dirisha. Rajabu alimwona na kunyoosha mkono.

Gari likaondoka na mkono wa mtoto ulikuwa bado juu.

Jumatatu, 25 Agosti

Wodi ya watoto, Arua. Mama analala chini ya kitanda kwenye mkeka. Mimi nalala kwa mama mdogo huko Aroi, ndugu yake Mama, na huja asubuhi na chai. Rajabu ana bomba puani. Wamempiga picha ya kifua. Wamechukua kinyesi chake kwa kipimo, jambo lililonishangaza: anaumwa kifua, wanapima choo. Muuguzi alinieleza kwamba mtoto mdogo hajui kutema makohozi. Anayameza. Kwa hiyo ugonjwa unatafutwa yanakotokea.

Daktari ni mwanamke kijana mwenye kilemba. Aliuliza maswali mengi. Amechanjwa? Ndiyo. Anakula nini? Kisha: "Nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa kwa muda mrefu?"

Mama alisema hapana. "Ni moshi tu, daktari. Sisi nakausha tumbaku. Wote nakohoa, moshi nakwisha, kikohozi nakwisha."

Hakusema uongo. Ndivyo tunavyosema sote. Ndivyo alivyosema Baba na baba yake.

Daktari alianza kuandika. Nilikuwa nimesimama nyuma na birika la chai. Shuleni sijawahi kunyoosha mkono, hata jibu nikilijua.

Nilisema, "Babu."

Daktari akainua kichwa. "Umesema nini?"

Ikabidi niseme tena, kwa sauti zaidi. Nikasema Babu anakohoa na bani limezimwa. Anakohoa tangu kabla ya bani. Tangu kupanda. Amekonda, mkanda wake wa jeshi ameutoboa tundu jipya. Analala na mtoto.

Mama alinigeukia. Sijui macho yale yalikuwa ya nini. Nilishika birika mpaka likanichoma.

Alhamisi, 28 Agosti

Kifua kikuu.

Nimeliandika neno hilo peke yake kwenye mstari ili nilizoee. Sijalizoea.

Daktari alimkalisha Mama na kusema polepole. Inatibika. Dawa ni za bure, vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, kila siku, miezi sita, bila kuruka. Watoto wengi hupona. Aliyemwambukiza lazima apatikane na atibiwe, na sote tupimwe. Mama alisikia yote na kuuliza kitu kimoja: "Atakufa?" Daktari alisema, "Umemleta. Tunamtibu." Hakusema hapana. Nililiona hilo, na Mama aliliona.

Mtoto wa kitanda cha dirishani amefariki mchana. Hakuwa na ugonjwa wetu, alikuwa na wake. Mama yake alikunja vitu vyote vizuri kabla ya kulia. Kikombe ndani ya beseni, kijiko ndani ya kikombe.

Rajabu amemeza dawa ya kwanza. Alikunja uso, kisha akalamba.

Leo nimemchukia Babu. Kama dakika chache. Nilitembea mpaka kwenye bomba la maji la hospitali nikamchukia pale, kisha nikakumbuka alivyokimbia, nikaosha uso.

Jumanne, 2 Septemba

Niko nyumbani Koboko. Nimekuja na basi peke yangu kwa sababu lazima mtu ampikie Babu, na shule inakaribia kufunguliwa. Mimi na Mama tumepimwa Arua. Hatuna ugonjwa, lakini tumepewa vidonge vya kuzuia.

Mhudumu wa afya amekuja na kikopo cha makohozi. Babu alikipokea kwa mikono miwili, akapiga saluti, akaenda nyuma ya nyumba. "Tayari, bwana mkubwa. Mzigo iko kamili." Mhudumu akacheka. Jioni alirudi na majibu, na hakucheka. Alieleza vizuri, kwa heshima. Kwamba si aibu. Kwamba Babu hakujua. Kwamba mtoto naye ana ugonjwa huohuo.

Babu aliuliza, "Mimi ndiyo nampa?"

Mhudumu alisema ugonjwa hupita kwa hewa, hakuna anayempa mwenzake kwa kutaka.

"Nauliza, mimi ndiyo nampa?"

"Inaonekana hivyo, mzee."

Babu alimshukuru. Akamsindikiza mpaka barabarani, kama mgeni yeyote. Kisha akaingia ndani, akachukua godoro lake, blanketi na redio, akahamia kwenye bani tupu. Nilimfuata. Nilimwambia kwamba mhudumu amesema atumie chumba chenye hewa, madirisha wazi, hakuna aliyesema bani.

"Karani," alisema, "askari akiharibu, nakaa mahabusu. Hii iko yangu."

Nikamwambia ni mimi niliyemtaja kwa daktari. Sikutaka ajue kwa mtu mwingine. Aliweka redio chini.

"Umesema mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Kwa sauti?"

"Mara mbili."

Akatikisa kichwa. "Vizuri," alisema. Kisha akageukia ukuta.

Jumapili, 7 Septemba

Rajabu ametolewa wodini. Hewa ya bomba hahitaji tena, lakini mwili bado ni mifupa. Mama amepiga simu. Hatarudi Koboko. Atakaa Aroi kwa watu wake ili awe karibu na hospitali. Niliuliza mpaka lini. Alisema mpaka mtoto apone. Niliuliza kama akipona atarudi. Alisema chaji ya simu inaisha.

Mama hajasema neno baya kuhusu Babu. Hawezi. Mwanamke hamtolei baba mkwe maneno, iwe kwa kabila la Kakwa au la Lugbara. Lakini zamani kila simu ilianza na "Mzee amekula?" Leo haikuanza hivyo, wala haikuisha hivyo.

Nilimwambia Babu kwamba Mama anamsalimu. Aliniangalia muda mrefu. Sitasema tena uongo wa namna hiyo. Sina uso wa kuusema.

Jumapili, 21 Septemba

Kila asubuhi kabla ya shule nampa Babu vidonge na kumtazama akimeza. Hayo ni maagizo. Anafungua mdomo baadaye kunionyesha, kama kwenye gwaride. Mkojo wake umekuwa rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa. Alitoka chooni akatangaza kwa Mama Sauda juu ya ua: "Njoo na chupa! Hapa iko kiwanda ya soda!" Mama Sauda alianguka kwa kicheko.

Nimecheka pia. Halafu nikaona ameacha kucheka ghafla na anatazama mkeka wa Rajabu uliotundikwa kwenye kamba. Tumeufua mara kadhaa. Hautumiki. Hataki uondolewe.

Mtaa unajua. Watoto hawaji tena kusikiliza redio yake.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mama mdogo amesema Rajabu amekataa chakula wiki nzima, na joto limerudi. Wamempeleka Arua tena.

Sijamwambia Babu. Ameniuliza. Nikamwambia.

Jumapili, 5 Oktoba

Babu hajala. Amemeza vidonge bila chakula na kutapika, na nikalazimika kumwita mhudumu. Mhudumu alimkemea. Babu alisema, "Kama mutoto hapana kula, mimi nakula kwa nini?" Mhudumu alisema, "Ili ukimwona tena usimpe tena." Maneno makali. Lakini Babu alikula. Nilipika ugali wa muhogo na samaki wa kukausha, akala wote, machozi yakishuka ndevuni, akiendelea kutafuna.

Sijawahi kumwona akilia. Nilitazama sahani yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ilikuwa malaria. Juu ya kile kingine. Wamemtibu. Anakula tena uji. Nimemwombea Mungu katika kila sala na hata katikati ya somo la jiografia.

Jumapili, 26 Oktoba

Mhudumu anasema makohozi ya Babu sasa ni safi. Hawezi kuambukiza tena, ila amalize dawa zote. Alimwambia arudi kulala nyumbani. Babu alisema ndiyo bwana. Usiku amelala kwenye bani.

Mkanda wake wa jeshi umerudi kwenye tundu la zamani.

Uzito wa Rajabu umepanda. Mama alituma picha kwa simu ya Mama Sauda. Amekaa mwenyewe, ana meno, anatazama pembeni. Niliishika simu mbele ya Babu. Alifuta kioo kwa shati lake ili aone vizuri. Kisha akauliza, "Nani hii?" Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mtoto amebadilika hivyo.

Jumamosi, 15 Novemba

Baba amekuja likizo. Amekwenda Aroi kumwona mke wake na mtoto. Amerudi peke yake. Alikaa na Babu mbele ya bani, kila mmoja juu ya jiwe lake. Baadaye nilimsikia Babu akisema, "Usimlazimishe. Mimi nikiwa yeye, mimi hapana rudi."

Baba anasema mwakani hatutakausha tumbaku. Babu hakupinga. Nilidhani atapinga.

Nimesoma kwa bidii kwa mitihani. Ni njia ya kutofikiri. Inafanya kazi mpaka kurasa ziishe.

Jumamosi, 6 Desemba

Mama amerudi.

Hakuwa amepiga simu. Nilikuwa natwanga, nikasikia pikipiki, nikaona mizigo, kisha kichwa cha Rajabu. Amenenepa. Amevaa kofia ya manjano. Bado ana dawa za miezi kadhaa, lakini anapumua kama mtu yeyote.

Babu alikuwa ametoka kutawadha. Alipomwona Mama alirudi nyuma mpaka ukutani mwa bani, akafunika mdomo kwa kiganja. Akasalimia kutoka pale. Mama alipiga goti, akaitika. Walisalimiana kwa muda mrefu, habari za Aroi, habari za mvua, habari za muhogo. Mtoto alikuwa katikati yao na hakuna aliyemtaja.

Kisha Mama aliinuka. Alivuka ua. Hakunituma mimi, alikwenda mwenyewe, na akamweka Rajabu mikononi mwa Babu.

"Daktari nasema hapana shida, Mzee. Shika mutoto yako."

Babu alimshika kama kitu kilichotoka motoni. Akaanza ule wimbo, kushoto, kulia, kwa sauti ndogo mno.

Rajabu alimtazama. Akatazama ndevu. Mdomo ukapinda. Akalia kwa nguvu zake zote, akajipinda mgongo, akanyoosha mikono kwa Mama. Hamjui. Hamkumbuki hata kidogo.

Mama aliona haya. "Nazoea, Mzee. Kesho nazoea." Akanyoosha mikono kumchukua.

Babu hakumtoa mara moja. Aliinamisha sikio kifuani kwa mtoto huku mtoto akilia na kumpiga ngumi usoni. Alisikiliza kilio chote, kila pumzi iliyoingia na kutoka, mpaka kikaishia kwenye kwikwi.

"Iko safi," alisema. "Karani, njoo sikia. Ndani hakuna kitu."

Nikasikia. Hakukuwa na kitu.

Ndipo akamrudisha kwa mama yake, akaenda kuwachotea maji ya kuoga kama wageni.